Kiwanja cha Ibada Kimeliwa, Kanisa Limehamia Dirishani

Tangazo limepigiliwa kwenye mwembe wa kona, chini kuliko kiuno cha mtu mzima. Nilichuchumaa kulisoma: kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kwenda ibada. Tarehe ya mwisho ya kupeleka pingamizi imefutwa na mvua. Nyuma ya mwembe, kanisa lenyewe limeshasimama. Nguzo zimemwagwa zege, mabati yameezekwa, na spika nne zimefungwa juu, kila moja na upande wake wa mtaa.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka kibali kitangulie ujenzi. Kitangulie! Sasa faili linakwenda kwenye kamati ya mipangomiji ya halmashauri, na mtaani minong'ono imeshaanza. Wapo wanaosema likataliwe kwa sababu ni la walokole. Wapo wanaosema lipitishwe kwa sababu nyumba ya Mungu haizuiwi. Wote wamekosea, na kamati ikiwasikiliza itakosea nao.

Mimi ni Mkristo, na nyumba yangu ni ya tatu kutoka mwembe ule. Mwezi uliopita, usiku wa mkesha, jirani yangu alishikwa na uchungu saa saba. Gari la shemeji yake lilikuwa ndani ya uzio na lisingeweza kutoka, kwa kuwa magari ya waumini yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za barabara, mengine yakiwa yameziba malango. Tulikwenda kanisani kuomba yaondolewe. Nani angetusikia kwa spika zile? Tukamshika mama wa watu mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, tukamtembeza hadi barabara kuu, akisimama kila uchungu unapombana. Alijifungua salama. Namshukuru Mungu, na hasira yangu haijaisha.

Lakini hasira hiyo simpelekei mchungaji peke yake. Nimeuona mchoro wa mipangomiji wa mtaa wetu, ule uliotumika kutuuzia viwanja. Kuna eneo la shule, kuna eneo la wazi, na kuna kiwanja kikubwa kando ya barabara ya lami kilichoandikwa neno moja: ibada. Nendeni leo mkakione. Pana frem za maduka kumi na mbili, gereji na sehemu ya kuoshea magari. Nani alikigawa? Kikao gani kilibadili matumizi yake, na tangazo lake lilibandikwa kwenye mwembe upi? Aliyekila kile kiwanja ndiye aliyezileta spika dirishani pangu. Waumini hawa, akiwemo mama anayeniuzia vitumbua kila asubuhi, walichangishana elfu mbili mbili, wakanunua walipopata. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Watu wote hawa walitarajiwa kuabudu wapi, kama maeneo yaliyotengwa yanageuzwa frem?

Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa kuabudu. Kwa hiyo kamati haina ruhusa ya kuuliza watu hawa wanaomba kwa sauti ya namna gani au wanamfuata nabii gani. Iulize vyoo viko vingapi. Maji ya mvua kutoka kwenye paa lile yanakwenda wapi, kama si sebuleni kwa jirani wa nyuma? Magari yataegeshwa wapi? Moto ukizuka, watu mia nne watatokea mlango gani, maana mimi nimeuona mmoja tu? Kiwanja chenyewe kina mita za mraba mia sita.

Mwaka 2005 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki lililokuwa na ekari 40 katika mji wa New Berlin, Wisconsin. Kanisa liliomba ekari 14 zitolewe kwenye makazi. Mji ukaogopa kwamba ardhi ikiuzwa baadaye, mnunuzi atajenga kitu kingine. Kanisa likakubali kufungwa na masharti, kwamba hapo isijengwe ila nyumba ya ibada. Mji ukakataa vilevile, na mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, ikaona kanisa limeonewa. Huko sheria yao ni nyingine, lakini hofu ile ile iko kwetu na dawa yake ni ile ile: masharti yanaandikwa. Maegesho yawe ndani ya uzio, spika zishushwe, ukuta uzuie sauti, milango iongezwe, na kibali kitaje ibada tu ili kesho pasigeuzwe ukumbi wa harusi. Kiwanja kikishindwa kuyabeba masharti hayo, kamati ikatae bila kupepesa macho, kisha siku hiyo hiyo ianze kukirudisha kiwanja cha ibada kilicholiwa na iwape watu hawa. Kuwakatalia na kuwaacha barabarani ni kuwaadhibu kwa wizi wa mtu mwingine.

Wala msiamue mkiwa mezani, waheshimiwa madiwani. Ijumaa hii kuna mkesha, unaanza saa nne usiku. Njooni, na afisa mipangomiji aje na mchoro wa awali, si ule uliochorwa upya. Lango langu mtalikuta limezibwa na magari. Piteni ubavuni, mgonge mlango mdogo kwa nguvu. Nitakuwa macho.