Miwani Haisahihishi Daftari

Siku hizi tunaambiwa kwamba watoto wanafeli Hisabati kwa sababu ni somo lisiloonekana, na kwamba dawa yake ni miwani ya uhalisia pepe. Mtoto avae, aone piramidi na mche vikielea mbele yake, huku mwalimu aliye Dar es Salaam au ng'ambo akimfundisha kana kwamba wamo chumba kimoja. Imani hii ni potofu, na siku ikiingia kwenye bajeti za shule itatugharimu.

Mtoto wa Chekereni, kijiji cha wakulima wa mpunga huko Moshi, hajakosa maumbo ya kuona. Majaruba ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, yalipimwa kwa mita 100 kwa 30. Mstatili ameuzunguka kwa miguu kabla ya kuuchora. Mteremko anaujua, kwa kuwa kila msimu huona maji yakikataa kufika shamba lililoinuka.

Anapoanguka ni kwingine. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, kama mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Mwanafunzi anafungua mabano ya −(x − 3), anaandika −x − 3, na kosa hilo analibeba kidato hadi kidato kwa sababu hakuna aliyelisoma. Picha inayoelea haitalitibu. Litatibiwa na mwalimu anayeshika kalamu nyekundu, akasimama kwenye mstari ule na kuuliza, "Hapa umefikaje?" Miwani inafunika macho yale yale yanayotakiwa kuliona daftari, ilhali mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) ni wa kalamu na karatasi, na njia ina alama zake.

Watetezi watatutajia Tanga. Ni kweli, kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa tableti watoto wapatao 3,000 wa vijiji vya mkoa huo, na wengi wakapiga hatua katika kusoma na kuhesabu. Lakini tableti zile zilifundisha hatua za mwanzo, kwa Kiswahili, na zilichajiwa kwa umeme wa jua. Miwani huishiwa chaji kwa saa mbili au tatu, humhudumia mtoto mmoja kwa wakati, na somo la mbali hutaka intaneti isiyokatika.

Chekereni yenyewe ina ushahidi. Mifereji ya zege peke yake haikumfundisha mtu kulima mpunga. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kiliwafundisha wakulima kusawazisha shamba na kupanda kwa mistari, nao wakaenda kuwafundisha wenzao majarubani.

Hisabati ifuate njia hiyo. Fedha za miwani zipelekwe kwenye MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wa Hisabati wakae pamoja wachambue makosa ya wanafunzi wao. Tukitaka msaada wa mbali, simu inatosha: daftari lipigwe picha, mwanafunzi wa chuo kikuu alisome na kujibu.

Mzazi, kabla hujachangia miwani, fungua daftari la Hisabati la mwanao. Ukikuta mazoezi hayajasahihishwa, nenda kwenye kikao cha shule ukadai mwalimu kwanza.