Mlima Elgon: Lami Imefika, Baiskeli Itapita Wapi?

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba wako watu wanaofunga safari kutoka Ulaya, wakalipa nauli ya ndege, kisha wakapanda mlima kwa baiskeli kwa raha za nafsi zao tu, huenda akacheka. Kwetu sisi baiskeli ni chombo cha kazi. Ni ya muuza mikate, ni ya mvuvi anayewahi mnadani, ni ya kijana anayepeleka maji nyumba kwa nyumba. Lakini msomaji asiharakie kucheka. Nyuma ya mchezo huu wa wageni liko suala zito, nalo leo linawakabili wananchi wa Kitale na Bungoma: barabara ni ya nani?

Miji hiyo miwili imeukalia Mlima Elgon miguuni, Kitale upande wa mashariki na Bungoma upande wa kusini. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake kirefu kabisa, Wagagai, kilicho upande wa Uganda, kina mita 4,321. Upande wa Kenya ilitengwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 169. Humo mna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mtu akipanda huacha mashamba ya mahindi, akapita msitu mkubwa, kisha mianzi, hata akafika kwenye nyanda za baridi ambako mimea mirefu ya ajabu husimama katika ukungu kama watu. Njia za vumbi huko hupita urefu wa mita 3,000, na magari ni machache mno.

Utulivu kama huo ndio unaotafutwa na waendesha baiskeli wa dunia. Huko Italia, barabara ya Stelvio inayopanda hadi mita 2,757 hufungwa siku moja kila mwaka kwa saa kadhaa. Gari halipiti wala pikipiki haipiti, na maelfu ya watu hupanda kwa nguvu za miguu yao. Wenyeji wa kule hawakuona kwamba kufunga barabara ni hasara. Wameona kwamba mgeni wa baiskeli huenda polepole, hula njiani, hulala njiani, na fedha yake hubaki vijijini.

WAZO SI GENI

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu yasiyotufaa. Karibu na Kitale iko hifadhi ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa anayeishi majini. Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, na mgeni huitembea kwa miguu. Gari huachwa nje. Kadhalika huko Hell's Gate, karibu na Naivasha, wageni huruhusiwa kupita kwa baiskeli kati ya punda milia na twiga. Na sisi wa pwani tunayo Lamu, mji uliojengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake, ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ajuaye raha ya kutembea vichochoro vya Lamu bila honi hahitaji kufundishwa maana ya njia isiyo na magari.

Ama Bungoma, baiskeli ina historia yake kubwa. Ni katika mpaka wa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba, ndiko vijana walikoanza kubeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, katika miaka ya 1960 na 1970, na jina la bodaboda likazaliwa hapo. Kiti cha sponji juu ya karia kilisomesha watoto na kuoza mabinti. Mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo, baiskeli ilianza kusukumwa kando, na jina lake likachukuliwa na pikipiki. Hata hivyo bado wako wanaoitegemea: muuza maziwa, fundi, mkulima mwenye gunia moja la mahindi, mtoto aendaye shule ya mbali.

Watu hawa wanapita wapi? Barabara kuu ya Webuye, Bungoma hadi Malaba ndiyo njia ya malori yaendayo Uganda na kwingineko. Makontena yanayoteremshwa Kilindini mbele ya macho yetu ndiyo hayo yanayompita mwana wa Bungoma begani kwa kasi, naye hana pa kukimbilia ila mtaroni. Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni waendao kwa miguu, wakifuatiwa na watu wa pikipiki. Basi hili si jambo la mbali na sisi. Mzigo unaotulisha sisi bandarini ndio unaowatisha wao njiani.

NEEMA YENYE MASHARTI

Sasa lami imepanda mlima. Mradi wa barabara ya kutoka Kapchorwa, Uganda, hadi mpakani Suam, na kutoka Suam kupitia Endebess hadi Kitale, ulipata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2017. Upande wa Kenya pekee ni kilomita zipatazo 45. Hii ni neema, wala hapana mwenye akili atakayeipinga. Mkulima wa Endebess ambaye mahindi yake yalioza matopeni msimu wa mvua anajua thamani ya lami kuliko mwandishi yeyote. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali Kitale anaijua zaidi.

Lakini lami huleta kasi, na kasi haina huruma. Njia ambayo jana mtoto aliipita akiimba, leo lazima aivuke akiomba. Ikiwa barabara itajengwa kwa ajili ya gari peke yake, basi mwenye gari amepewa na asiye nalo amenyang'anywa, ilhali wasio nalo ndio wengi.

Aidha tukumbuke kwamba utulivu una aina mbili. Kati ya mwaka 2006 na 2008 njia za Mlima Elgon upande wa Bungoma zilikuwa kimya, lakini kimya chake kilikuwa cha hofu. Kundi la SLDF lilishika silaha kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, jeshi likapelekwa mwezi Machi 2008, na raia wakaumia pande zote mbili. Njia isiyo na magari kwa sababu watu wamekimbia si njia ya kusifiwa. Tunayoitafuta ni ile ambayo watu wamejaa na hofu ndiyo iliyoondoka.

Tena vijana wa nyanda za juu wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza. Marehemu Suleiman Kangangi alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya Rwanda mwaka 2017, kisha akawa nahodha wa timu ya AMANI na kuwaongoza wenzake katika mashindano ya njia za vumbi. Alifariki mashindanoni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Kifo chake kinatukumbusha kwamba hata pasipo magari, mteremko unataka breki nzuri, mafunzo na tahadhari.

HAKI YA NJIA

Waislamu hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani, na kwamba njia ina haki zake juu ya wanaoitumia. Kama jiwe au mwiba huondolewa kwa kutaraji thawabu, je, lori linalomsukuma mpita njia shimoni si udhia mkubwa zaidi? Wazee wetu waliofuata misafara kutoka pwani hadi Mumias kwa Nabongo Mumia walipita nchi hizi kwa miguu, na dini ilifika huko kwa mwendo huo wa polepole, mtu akikaribishwa na mtu.

Dawa yake haihitaji mamilioni ya ajabu. Kwanza, kila barabara ya lami ya mlimani iwe na kijia cha pembeni cha baiskeli na waendao kwa miguu, na matuta mbele ya shule na masoko. Pili, serikali za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zikae na wakuu wa hifadhi, wachague siku moja kwa mwaka, njia moja ya mlima ifungwe magari, wenyeji na wageni wapande pamoja. Tatu, muuza maziwa wa Kapsokwony aulizwe shauri kabla ya mtalii, maana yeye hupanda mlima huo kila alfajiri, si kwa likizo.

Wageni wakija, ahlan wa sahlan. Lakini barabara itakayomfaa mwenyeji kwanza ndiyo itakayomfurahisha mgeni baadaye, na wenye kuchora ramani za barabara wakumbuke hilo wakati kalamu ingali mkononi.