Muuguzi Apewe Saa ya Kutulia, na Ilipwe

Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville nchini Marekani, muuguzi wa idara ya dharura aitwaye Jonathan Bartels alikuwa ameshazoea mambo yanayofuata mgonjwa anapokata roho. Mashine huzimwa, glavu huvuliwa, na kila mtu hukimbilia mgonjwa mwingine. Kisha mhudumu wa kiroho wa hospitali akawazuia wafanyakazi wasiondoke, akasali kando ya kitanda cha marehemu. Bartels aliguswa na kitendo kile, akakigeuza kuwa desturi. Mgonjwa akifariki, mmoja wa timu huwaomba wenzake wasimame kimya kwa muda wa kama dakika moja, kila mtu na imani yake au bila imani yoyote, wamheshimu aliyeondoka na kuheshimu jasho walilomwaga kumwokoa. Baada ya hapo kazi huendelea. Desturi hiyo imevuka Virginia na kuingia hospitali nyingine nyingi.

Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki dakika hiyo haipo. Kinachofuata kifo ni karatasi za kujazwa, ndugu wa kuarifiwa, na kitanda kutandikwa upya kwa sababu kuna mgonjwa anayekisubiri kwenye benchi. Pole humwendea mfiwa, na ndivyo inavyostahili. Muuguzi aliyekuwa ameshika mkono wa marehemu saa nzima huondoka na uzito wake kimya kimya, akaenda nao nyumbani, na kesho yake akarudi nao kazini.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza hali inayozaliwa na mzigo wa namna hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya iliyopitishwa mwaka 2019. Halikuiita ugonjwa. Liliiita uchovu unaotokana na kazi, yaani msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Mwanasaikolojia Christina Maslach, aliyetengeneza kipimo chake maarufu mwaka 1981, aliugawa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu za moyo. Ya pili ni kuanza kumwona mgonjwa kama kitu, si mtu. Ya tatu ni kuhisi kwamba hakuna unachokifanikisha tena kazini.

Hiyo sehemu ya pili inahitaji kutazamwa kwa makini. Wananchi wa Tanzania na Kenya wamelalamikia kwa miaka mingi lugha chafu ya wahudumu wa afya: mama mjamzito anayefokewa akiwa katika uchungu, mzee anayejibiwa kwa mkato dirishani. Malalamiko hayo ni ya haki, na asiyemheshimu mgonjwa lazima awajibishwe. Lakini viongozi wengi huishia kwenye karipio na barua ya onyo, kana kwamba mtu aliyesomea kuokoa maisha aliamka asubuhi akaamua kuwa mkatili. Moyo uliochoka hujilinda kwa kufa ganzi. Anayetaka lugha nzuri wodini aanze kuuliza mhudumu huyo amelala saa ngapi, amehudumia wangapi peke yake, na ni nani aliyewahi kumuuliza hali yake.

Hapo ndipo mafunzo ya utulivu wa akili yanapoingia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia aliyekuwa amejifunza tafakuri ya Kibuddha, alianzisha, katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kozi ambayo leo huchukua wiki nane. Aliiondolea sura ya dini na kuwapa kwanza wagonjwa wenye maumivu sugu. Somo la mwanzo linajulikana kwa zabibu kavu: kila mwanafunzi hupewa moja, huitazama, huinusa, huiweka mdomoni na kuitafuna polepole kana kwamba hajawahi kuonja zabibu maishani. Kutoka hapo hujifunza kukaa na kufuata pumzi. Fikra zikitangatanga kwenda kwenye ada ya shule au kwa mtoto wa kitanda cha tatu, huzirudisha bila kujilaumu. Hutembea taratibu. Hulala chali na kuusikiliza mwili kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, akitambua mahali ulipokaza. Mwili hujibu: pumzi inayotolewa polepole hupunguza kasi ya moyo, na misuli iliyojikunja hulegea.

Je, inasaidia watu wa hospitali? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, walichapisha matokeo ya madaktari 70 wa huduma za msingi waliofuata mafunzo ya aina hiyo kwa wiki nane, kisha wakaendelea kukutana kila mwezi kwa miezi kumi. Uchovu wao ulipungua kwa kiasi cha kuonekana na huruma kwa wagonjwa ikaongezeka. Kasoro ya utafiti ule ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na waliojiunga walijitolea wenyewe.

Ushahidi wenye funzo zaidi ulitoka katika mji mwingine uitwao Rochester, huu wa jimbo la Minnesota, kwenye hospitali ya Mayo. Madaktari 74 waligawanywa kwa kura. Waliopangiwa mafunzo walikutana katika vikundi vidogo kila baada ya wiki mbili kwa miezi tisa, wakichanganya utulivu wa akili, tafakari na mazungumzo kuhusu kazi yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ari ya kazi ilipanda, na ile tabia ya kumwona mgonjwa kama kitu ikapungua, na mwaka mmoja baada ya vikundi kumalizika manufaa hayo bado yalikuwepo. Jambo la kuangaliwa ni lile ambalo watawala wa hospitali hupenda kuliruka: saa ya kukutana ilikuwa saa ya kazi, iliyolipwa na mwajiri. Daktari hakuambiwa atulie kwa gharama ya usingizi wake.

Bila msingi huo mambo hubadilika. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichunguza majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza, wa kazi za kila aina. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2024, walioshiriki programu za mtu mmoja mmoja, kama mafunzo ya kuhimili msongo na programu za simu za kutuliza akili, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 na kuunganisha tafiti za madaktari zaidi ya 1,500, ulikuta kwamba hatua zinazobadilisha kazi yenyewe, kama ratiba za zamu na mzigo wa majukumu, hupunguza uchovu zaidi kuliko zile zinazomlenga mtu peke yake.

Kwa Afrika Mashariki hilo lina uzito wa pekee. WHO hukadiria kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000 ili ifikie malengo ya afya. Mwaka 2018 wastani wa kanda ya Afrika ulikuwa 1.55. Kenya imeshuhudia mgomo wa madaktari wa siku 100, ulioanza Desemba 2016, na mwingine wa siku 56 mwaka 2024, ambapo malipo na ajira ya madaktari wa mafunzo kazini vilikuwa kiini cha mvutano. Mtu anayedai mshahara wake hawezi kujibiwa kwa somo la kupumua. Hospitali itakayoleta mwalimu wa utulivu huku ikiacha wodi nzima mikononi mwa muuguzi mmoja usiku kucha itakuwa inamtwisha mzigo na kumlaumu kwamba mgongo wake ni dhaifu.

Hata hivyo, kusubiri mpaka pengo la wafanyakazi lizibwe ndipo mafunzo yaanze ni kosa pia, kwa sababu pengo hilo halizibwi mwaka huu wala ujao, na wanaoumia wako zamuni sasa hivi. Yapo mambo ambayo hayahitaji mfadhili. WHO hutaka kunawa mikono kwa sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, na muuguzi hufanya hivyo mara nyingi katika zamu moja. Sekunde hizo zinaweza kuwa za kuhisi maji, kulegeza mabega na kumwacha mgonjwa aliyepita kabla ya kumfikia anayefuata. Wakati wa kukabidhiana zamu, dakika mbili zinatosha kwa anayeondoka kusema ni kipi kilichomlemea. Na ukimya wa Bartels kando ya kitanda haugharimu hata shilingi.

Wapo watakaoona tafakuri kama dini ya kigeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Wasiwasi huo usikilizwe kwa heshima. Mafunzo yenyewe hayadai imani yoyote, na Muislamu anayetulia baada ya swala au Mkristo anayesali kabla ya upasuaji hapaswi kuacha lolote. Pia si kila mtu hufaidika. Mwenye majeraha makubwa ya nafsi anaweza kuzidiwa akikaa kimya na fikra zake, na huyo anahitaji mshauri nasaha wa kumwona faraghani, bila jambo hilo kuandikwa kwenye faili lake la ajira.

Hospitali za rufaa ndizo zianze kuwapa wahudumu saa ya kutulia iliyolipwa, kwa kuwa zina idara za afya ya akili na wataalamu wa kuongoza vikundi. Zianze na wodi za wazazi, za watoto wachanga na za dharura, ambako kifo na fokafoka hukutana. Wizara za afya ziitambue saa hiyo kama sehemu ya masomo ya kujiendeleza ambayo wauguzi na madaktari tayari hutakiwa kuyaonyesha wanapohuisha leseni zao. Na mganga mfawidhi anayepanga ratiba ya zamu za mwezi ujao aiandike saa hiyo kwenye ratiba hiyo hiyo, pamoja na jina la atakayeshika wodi wakati wenzake wako darasani.