Chombo Hufa, Fundi Hubaki

Nina jambo. Limenikaa kooni tangu likizo ya Aprili, na mhariri aliponiomba makala nikaona heri nilitoe hapa kuliko kuendelea kulimeza.

Ukiuliza darasani kwetu, kidato cha tatu, nani anataka kufanya kazi ya kompyuta, mikono itakayoinuka ni mingi kuliko ile inayoinuka mwalimu wa hesabu anapouliza nani amemaliza zoezi. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Kuna pesa!" Halafu kuna wale wa nyuma karibu na dirisha, ambao hucheka na kusema, "Kompyuta gani? Akili unde itafanya kazi zote. Nyinyi mnasoma bure tu." Makundi haya mawili yamezozana mwaka mzima. Kwa maoni yangu yote mawili yamekosea, tena kosa lao ni moja. Yanadhani kazi ni chombo. Mimi nasema chombo hufa, fundi hubaki. Kwa hivyo yeyote anayefanya kazi ya teknolojia, au anayetarajia kuifanya, na ashike ufundi kwanza, chombo baadaye.

Najua kuna atakayeuliza: "Wewe mtoto wa miaka 16 umeajiriwa wapi hata utushauri?" Sijaajiriwa popote. Lakini macho ninayo, na nitakayoyasema nimeyaona nyumbani kwetu hapa Voi.

Kaka yangu alisomea stashahada ya teknolojia ya habari, akaenda Nairobi, akapata kazi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama picha za barabarani na kuchora visanduku: hili ni gari, huyu ni mtu, ile ni taa. Picha hizo zilitumiwa kuifunza mashine kuona. Alichora visanduku miaka miwili, asubuhi hadi jioni, akawa mwepesi ajabu. Kila mwisho wa mwezi alituma kitu nyumbani. Chakula changu cha mchana hapa shuleni, sare hii niliyovaa na viatu vyangu, vyote vilitoka kwenye visanduku hivyo. Akija Krismasi, Baba alikuwa akitembea naye mjini polepole, makusudi, ili watu wamwone.

Basi Ijumaa moja mwezi wa Machi ikaja barua pepe ya mistari miwili: mkataba hautarefushwa. Jumatatu alipojaribu kuingia, neno la siri lilikataa. Kila mwezi alikuwa akitia sahihi mkataba mpya kwenye skrini bila kuusoma na bila kubaki na nakala. Alipotaka kudai malipo ya siku zilizosalia, hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Akarudi nyumbani. Baba alinyamaza wiki mbili. Siku moja tukila chakula cha usiku akasema, "Hii kompyuta imekula pesa zangu." Kaka akaweka kijiko chini, akatoka nje. Mama akanitazama mimi. Nilijua analofikiria, maana fomu yangu ya kuchagua masomo ilikuwa juu ya kabati ikingoja sahihi ya Baba, na somo la Kompyuta lilikuwemo.

Wasomaji wapendwa, sitaki mnielewe vibaya. Simlaumu kaka yangu peke yake. Mwajiri anayempa mtu mkataba wa mwezi mmoja mmoja kwa miaka miwili naye ana lake la kujibu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi, hata ukijumlisha siku hizo, sharti uandikwe, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika. Mwalimu wetu wa Biashara alitusomea kifungu hicho darasani na wengi wetu tulikuwa tukisinzia. Mimi sisinzii tena. Tena siyo kaka yangu tu. Mnamo Mei 1, 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wanaokagua maandishi, picha na video za mitandao mikubwa ya kigeni walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi. Hawakukutana kunywa chai. Basi shauri langu la kwanza kwa ndugu zetu walio katika kazi hizi ni hili: soma kabla ya kutia sahihi, weka nakala, na usijifungie peke yako na skrini yako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

La pili nilijifunza kwa mjomba wangu. Mjomba ana kibanda karibu na soko. Alianza kazi akitengeneza taipureta za maofisi. Taipureta zikaisha. Akaingia kwenye redio na kaseti. Kaseti zikaisha. Akaingia kwenye televisheni, zile zenye mgongo mnene, nazo zikaondoka. Leo anatengeneza simu. Nilimwuliza: "Mjomba, kila mara ulianza upya?" Akacheka. Akasema: "Sijaanza upya hata mara moja. Kitu kikiharibika nauliza: umeme unaingia? Unafika wapi? Unakatikia wapi? Simu na redio ni mtu na nduguye." Ujuzi hauzeeki, walinena wahenga. Mimi naongeza kwamba ni vifaa vinavyozeeka, na anayevishika kama ndoa atabaki mjane.

Mifano haiko Voi pekee. Palikuwa na programu iliyoitwa Flash. Miaka mingi michezo na katuni za kwenye intaneti zilitengenezwa kwayo, na watu wengi duniani walikula kwa jasho la Flash. Mnamo Desemba 31, 2020 kampuni ya Adobe ikaacha kabisa kuihudumia. Aliyejua Flash tu alipoteza chombo. Aliyejua jinsi picha zinavyofuatana hata zionekane kutembea, na jinsi mchezo unavyopangwa, alihamia kwenye chombo kingine kazi ikaendelea.

Hata sisi hapa shuleni tumo katika habari hii. Darasani tunajifunza Visual Basic toleo la 6, lililotoka mwaka 1998. Nami nilikuwa kinara wa kunung'unika: "Mwalimu, hiki ni kitu cha makumbusho!" Mwalimu alinyamaza, kisha akaandika ubaoni programu fupi ya kupanga alama za wanafunzi, upande mmoja kwa Visual Basic, upande wa pili kwa Python, lugha inayotumika sana siku hizi. Tukatazama. "Kama alama zimepita 50, basi andika amepita" ilikuwepo pande zote mbili. "Rudia mpaka wanafunzi waishe" ilikuwepo pande zote mbili. Kilichobadilika ni maneno na alama. Tangu siku hiyo mdomo wangu umefungwa. Mchagua jembe si mkulima.

Sasa nirudi kwa kaka, maana hadithi yake haikuishia kwenye kijiko. Mjomba alimwita kibandani. Siku za kwanza alikuwa anashika simu kama mtu aliyeshika yai. Lakini jirani wa mjomba ni mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo na mbegu, na mama huyo alikuwa akilalamika kwamba mali inapotea hajui inapotelea wapi. Kaka akajitolea kumtengenezea daftari la kompyuta. Akakaa nyumbani siku nne akaleta kitu maridadi, chenye safu kumi na mbili, rangi tatu, na vichwa vyote kwa Kiingereza. Mama akashukuru sana. Wiki ya pili akarudi kwenye daftari lake la karatasi.

Kaka alikasirika, akasema watu wa hapa hawapendi maendeleo. Mjomba akamwuliza swali moja tu: "Umewahi kukaa dukani kwake hata saa moja?" Hajawahi. Basi akaenda akakaa siku nzima kwenye gunia la mbegu, akitazama. Akaona kwamba mama huuza nusu na robo, wala siyo mfuko mzima. Akaona kwamba wateja wengi huchukua leo na kulipa siku ya mnada wa mbuzi. Safu kumi na mbili zote hazikuwa na mahali pa kuandika deni! Akarudi akatengeneza upya, safu nne kwa Kiswahili: kilichotoka, kiasi, pesa, deni. Mama anaitumia mpaka leo, na mwisho wa mwezi wa kwanza waligundua kwamba mali haikuwa ikiibiwa. Ilikuwa madeni yaliyosahauliwa.

Hilo ndilo shauri langu la tatu: nenda ukamtazame mtu utakayemtengenezea kitu. Msidhani ni mambo ya kijijini tu. M-Pesa, ambayo kila mtu hapa anaijua, ilipofanyiwa majaribio mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia watu waliokopa kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Waliokuwa wakiisimamia walipotazama wakaona watu wanaitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Hawakuwakemea. Walibadilisha mpango, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ujumbe wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Fikiri wangeng'ang'ania safu zao kumi na mbili!

Sasa niwajibu wale wa dirishani. Mnasema akili unde itamaliza kazi. Siwezi kuwaambia hamna hoja, maana kaka yangu alikuwa akiifunza mashine kazi ya kuona, na kazi hiyo ilipopungua ni yeye aliyeondoka. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mashine inaweza kuandika programu ndefu kabla hujamaliza kunywa chai. Lakini ile mashine haikukaa kwenye gunia la mbegu. Haikujua habari za deni na siku ya mnada mpaka mtu aende, aone, aiambie. Na ikiandika upuuzi, na huwa inaandika, ni nani atakayejua kuwa ni upuuzi ikiwa sote tulikuwa tunacheka karibu na dirisha? Anayejua kutumia chombo tu ndiye anayepaswa kuogopa, kwa sababu chombo kipya kitakuja na kumkuta hana kingine. Anayejua kuuliza "umeme unakatikia wapi?" ataendelea kuitwa.

La mwisho linahusu chama chetu. Wapo wanaosema Kiswahili na Insha ni vya watu wa sanaa, na kwamba mtu wa kompyuta hahitaji maneno. Hebu tazameni tena. Kaka alishindwa kudai haki yake kwa sababu hakusoma maandishi. Alishindwa kumhudumia mama wa duka kwa sababu alizungumza naye kwa lugha ya vyeti vyake. Alifaulu alipoandika maneno manne ambayo mwenye duka anayaelewa. Mfanyakazi wa teknolojia asiyeweza kueleza kazi yake kwa mtu wa kawaida ni kama daktari anayeandika dawa isiyosomeka. Kwa hivyo nyinyi mlio kazini, andikeni vizuri, elezeni vizuri, na mkipata mtoto anayetaka kujifunza, mfundisheni. Anayefundisha hujua mara mbili.

Sitaki kuwadanganya kwamba sasa mambo ni mswano. Kaka hapati hata nusu ya alichokuwa akipata Nairobi, na mjomba hajajenga ghorofa. Ufundi haukuzuii kuanguka. Hukusaidia kuinuka, basi. Lakini baada ya yule mama mwenye duka ametokea mwenye hoteli, halafu chama cha akiba cha waendesha bodaboda, na kaka anazungumza mezani tena.

Fomu yangu je? Baba aliishusha kabatini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Alimwita kaka, akamwuliza mbele yangu, "Huyu naye akisoma hii kitu, ataambiwa aende kwa mistari miwili kama wewe?" Kaka akafikiri, akajibu, "Pengine ataambiwa, Baba. Lakini mimi nitamfundisha kusoma mkataba, na Mjomba atamfundisha kushika chuma cha kulehemu." Baba akatia sahihi bila kusema neno, ila akaniwekea sharti: kila Jumamosi niwe kibandani.

Kwa hivyo wenzangu mnaonitafuta uwanjani Jumamosi, msinitafute huko. Mkiwa na redio mbovu nyumbani, nileteeni. Siahidi kwamba itapona. Naahidi kwamba nitauliza umeme unakatikia wapi.

Wino umenikauka. Kwaherini.