Gari Moja au Viti Kumi?

Mwaka 2005 huko San Francisco, Marekani, kikundi cha wabunifu kiitwacho Rebar kililipia maegesho ya gari moja kwa saa mbili. Badala ya gari, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti. Watu wakaja kukaa. Mwaka 2010 jiji likaanza kuruhusu vibustani hivyo mbele ya maduka, yeyote akae hata asiponunua kitu.

Nje ya geti letu magari yanashinda pale kutwa, wateja wa mama lishe wanakula wamesimama. Mtu akikaa, ataagiza na chai ya pili! Naomba serikali yetu ya wanafunzi iiombe manispaa nafasi mbili tu za kujaribia. Ila benchi liwe la wote, na mama lishe asifukuzwe kwa kisingizio cha kupendezesha mji.