Carver na Udongo Uliochoka

Jina la George Washington Carver wa Marekani hutajwa sana pamoja na karanga. Watu husifu vitu vingi alivyovitengeneza kwa karanga, na wengine hudai kwamba ndiye aliyevumbua siagi yake. Dai hilo si kweli, maana siagi ya karanga ilijulikana kabla yake. Tena sifa hizo huficha kazi yake iliyo bora zaidi, nayo ni kuwafundisha maskini kuuponya udongo uliochoka.

Carver alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Alitafuta elimu kwa taabu, akipika na kufua nguo za watu ili apate riziki. Mwaka 1896 alipata shahada yake ya pili katika chuo cha kilimo cha Iowa. Mwaka ule ule Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita aje awafundishe kilimo vijana wa watu weusi. Carver angaliweza kukaa Iowa alikoheshimiwa, lakini aliitikia mwito akaenda.

Huko alikuta ardhi dhaifu. Miaka mingi watu walikuwa wakipanda pamba juu ya pamba, hata karibu na milango ya nyumba zao. Pamba ikipandwa daima mahali pamoja, humaliza chakula kilichomo udongoni, na baada ya mavuno ardhi hubaki wazi, mvua ikauchukua udongo wa juu. Wakulima wengi hawakuwa na mashamba yao wenyewe. Walilima ya wengine, wakawapa wenyewe sehemu ya mavuno. Mbegu na chakula walivikopa, na pamba ilipokuwa haba, deni lilibaki shingoni mwao. Kumwambia mtu wa namna hiyo anunue mbolea ya dukani ni kumcheka.

Basi Carver alitwaa kipande kibovu cha shamba la shule, akakitengeneza kwa vitu visivyouzwa: majani makavu ya msituni na matope meusi ya kinamasi. Akapanda kunde pia. Katika mizizi ya kunde na karanga mna vinundu, na ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutwaa naitrojeni kutoka hewani na kuifanya kuwa chakula cha mmea. Siri hiyo ilielezwa na Hermann Hellriegel wa Ujerumani mwaka 1886. Carver hakuigundua, lakini aliitia mkononi mwa mwenye jembe. Mazao ya kipande kile yakaongezeka, na mwaka 1905 alitoa kijitabu chenye maneno mepesi kuwaeleza wakulima jinsi ya kuujenga tena udongo uliochakaa.

Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mwaka 1906 Tuskegee ilipeleka vijijini gari lililokokotwa na nyumbu, limebeba vyombo na mbegu, na Thomas Campbell, aliyesoma katika shule hiyo, akawaonyesha wakulima kazi katika mashamba yao. Asiyeweza kwenda shuleni, shule ilimwendea.

Wako wanaosema kwamba kazi hiyo haikufaulu sana, kwa sababu wenye mashamba walitaka pamba tu, na asiye na ardhi hakuwa huru kubadili mimea. Neno hilo lina kweli. Kunde hazifuti deni, wala elimu peke yake haiondoi dhuluma. Hata hivyo, jamaa waliopata kupanda kunde na viazi vitamu kando ya nyumba walikula chakula kisichoandikwa katika daftari la mwenye duka. Kwa mtu mwenye njaa, hilo si jambo dogo.

Carver alikaa Tuskegee mpaka alipokufa, tarehe 5 Januari 1943. Wenye hekima husema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwenye elimu asipimwe kwa wingi wa vyeti vyake, bali kwa faida wanayopata walio nje ya mlango wa shule. Ni kosa, basi, kwa kijana kudhani kwamba amesoma ili aliepuke jembe. Akirudi nyumbani na kuona mahindi ya wazazi wake yamekuwa membamba na ya manjano, asione haya kuingia shambani na kuuliza: Mwaka jana palipandwa nini hapa? Na baada ya mavuno, udongo huu ulirudishiwa nini?