Mheshimiwa Waziri, Mwanangu Asome Wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Nairobi, Kenya.

Mheshimiwa,

Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Kisauni, Mombasa. Mwanangu wa kiume ana miaka minane na ana usonji. Mwezi uliopita chifu alipiga hodi kwangu kuuliza mbona mtoto yuko nyumbani siku ya shule. Alikuja kwa adabu, akakaribishwa chai, akanywa. Nikamwambia ukweli: shule ndiyo iliyomrudisha.

Hawakumfukuza. Lau wangemfukuza, ningekuwa na barua mkononi ya kukuonyesha. Mwalimu mkuu, mtu mpole kabisa, aliniita kando akasema, "Mama, wewe mlete saa mbili, saa nne uje umchukue." Siku zikapita, ikawa nimlete Jumatatu na Jumatano tu. Halafu nikaambiwa apumzike kidogo, watanipigia simu. Bado naingoja. Mwalimu wa darasa simlaumu. Ana watoto zaidi ya sitini, na kengele yao ni rimu ya lori inayogongwa kwa nondo. Ikilia, wangu huziba masikio, huingia chini ya dawati na kupiga mayowe, na somo la wote huwa limeishia hapo.

Chifu alipoondoka, mpwa wangu alinisomea Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 34 kinaikataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Nikafurahi. Kisha akanisomea cha 30: mzazi asiyempeleka mtoto shule ana kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mimi vifungo nilivyovizoea ni vya shati, Mheshimiwa, lakini hata mimi naona kwamba kifungu kimoja kimelala na kingine kiko macho.

Sasa usidhani nakuandikia kuomba ruhusa ya kumfungia mtoto ndani. Nyumbani amesoma, tena mambo ambayo darasani hayakuingia kabisa. Amejifunza tarakimu kwenye futi yangu ya kupimia, moja hadi mia moja na hamsini, kwenda na kurudi. Vifungo huvipanga kwa rangi, kisha kwa idadi ya matundu, na siku moja aliniletea kimoja na kuniambia "si chake", maana nilikuwa nimekitia kwenye mkebe usio wake. Hiyo ni hesabu. Kusoma amejifunzia kwenye maandishi ya nyuma ya tuktuk, na hayo mengine afadhali asingeyasoma. Cherehani ina kelele, lakini ni kelele anayoijua itaanza lini, kwa kuwa mguu wangu anauona.

Dada zangu husema basi yatosha, mwache hapo hapo, wewe wamfundisha kuliko wao. Ningependa kuwaamini. Ila kule shuleni kulikuwa na msichana aliyekuwa akimpa njugu wakati wa mapumziko, moja moja, bila kumsemesha. Miezi imepita na mwanangu bado hulitaja jina lake usiku kabla ya kulala. Mimi njugu ninazo, hazitaki. Tena mimi si mwalimu. Asubuhi nikimfundisha, nguo za watu hulala, na wenye nguo huja juu.

Ndiyo maana swali la nyumbani au shuleni naona limeulizwa vibaya. Mwanangu anahitaji nyumba asubuhi nyingine na shule asubuhi nyingine, na hilo si jambo geni ofisini kwako. Sera ya Wizara ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaitaja elimu ya nyumbani pamoja na shule za kawaida, shule maalum na vitengo maalum vilivyo ndani ya shule za kawaida. Mtaala wa umilisi umewawekea watoto kama wangu njia ya hatua badala ya gredi. Vituo vya kuwapima watoto vilianza tangu 1984, na taasisi ya KISE inafundisha walimu wa elimu maalum tangu 1986. Kituoni nilikwenda. Afisa alimpima mtoto kwa subira ambayo sijaisahau, akaandika apelekwe kwenye kitengo. Kitengo cha karibu kimejaa. Karatasi ninayo, imekunjika kwenye kona.

Ninachokuomba ni waraka kwa walimu wakuu, ukurasa mmoja tu. Useme kwamba mtoto aliyepimwa anaweza kuandikishwa shuleni, akahudhuria kwa saa alizokubaliana mzazi na mwalimu, na saa zilizobaki zikahesabiwa kuwa masomo. Useme kwamba mwalimu wa elimu maalum atamtembelea nyumbani, hata kama ni mara mbili kwa muhula, anielekeze ninapokosea. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Wa mwanangu ufuate jina lake, umsaidie yeye. Na chifu apewe nakala, ili akija tena tuzungumze mengine.

Kuhusu rimu ya lori, hilo halihitaji waraka. Mtu yeyote anaweza kupuliza filimbi.

Shule zitafunguliwa Januari. Sare yake nimeishona mwenyewe na bado imetundikwa nyuma ya mlango. Upindo wa suruali nimeukunjua mara moja, na kitambaa kilichobaki kinatosha kukunjuliwa mara moja zaidi.

Wako mtiifu,
Mshonaji wa Kisauni